Sauti Niliyoikuta

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, siku ya Jumanne, mwezi wa Juni, miaka michache kabla ya Uhuru. Sikisii. Asubuhi ile nilikuwa nimeirekebisha saa yangu ya mkono kwa saa ya posta ya Mbeya, na niliitazama mara tu filimbi ilipoanza kulia. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huuliza kama nilikuwa nimekunywa, au nimelala, au kama giza lilinichezea. Pombe niliiacha ujanani. Kulala sikulala. Na giza halikuwapo: kulikuwa na jua jepesi la kipupwe juu ya mlima Loleza, nami nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa mtu, sanduku la vifaa mkononi. Marehemu alipiga filimbi mchana kweupe, na mimi nilimsikia. Niamini.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaona kosa langu lilipo.

Mimi ni seremala wa Iringa. Ufundi wa mbao nilifundishwa misheni ya Tosamaganga na bruda mmoja wa Kitaliano. Kulinganisha piano sikufundishwa na mtu. Bruda alipokuwa anarudi kwao aliniachia kitabu cha Kiingereza ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, nikakisoma miaka miwili kwa msaada wa kamusi, neno kwa neno. Wakati ule walowezi wa Iringa na Mufindi walikuwa na piano majumbani, na fundi wa karibu alikuwa Nairobi. Polepole wakaanza kuniita. Mwaka wa kisa hiki nilikuwa na wateja kumi na mmoja, kuanzia Igowole mpaka Mbeya.

Piano ina nyuzi za chuma zaidi ya mia mbili, na kila uzi umefungwa kwenye kigingi. Miaka ikipita nyuzi hulegea, na kinanda kizima hushuka sauti. Kazi ya fundi ni kukaza vigingi, uzi kwa uzi, mpaka kinanda kirudi kwenye sauti ya kiuma: kile kichuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hulia sauti moja isiyobadilika daima. Sauti yake ndiyo sahihi. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema, nami nilikiamini kitabu.

Kitabu hicho kilikuwa na amri moja nyingine: kabla hujagusa uzi wowote, pima sauti uliyoikuta, uiandike. Kwa ajili hiyo nilijitengenezea kibao cha kupimia, chenye uzi mmoja na rula ubavuni. Nasogeza kijiti chini ya uzi mpaka ulie sawasawa na kinanda cha mteja, kisha nasoma namba kwenye rula na kuiandika katika daftari. Sikuwahi kuruka hatua hiyo ya kuandika kwa mteja hata mmoja. Niliiruka Mbeya.

Aliyenituma Mbeya alikuwa binti mmoja wa Kinyakyusa, jina lake Anyambilile, muuguzi wa hospitali moja huku kwetu. Alikuja karakanani mwangu bado amevaa sare.

“Shikamoo, fundi. Wanasema wewe ni daktari wa vinanda.”

“Marahaba. Daktari ni wewe. Mimi nakaza tu.”

“Basi ukakaze cha mama yangu. Yuko Mbeya peke yake, na kinanda kimelegea hata mbwa wa jirani wanakilalamikia. Lakini nakuonya: atakwambia hakiumwi. Wewe mwambie nimeshalipa. Mama hawezi kuvumilia pesa ya mwanawe ipotee bure.”

Nikamwuliza mama anapiga nini. Hapo uso wake ukabadilika.

“Kitu kimoja tu. Kipande kifupi cha filimbi na piano. Yeye alikuwa akipiga piano, baba filimbi, kila siku saa kumi baba akitoka kufundisha. Baba alifariki, huu mwaka wa saba. Mama bado anakipiga, upande wake tu. Pale pa filimbi anapaacha wazi. Ukimsikiliza utalia, fundi. Ni kama mtu anayeuliza swali, ananyamaza akingoja jibu, hajibiwi, anauliza tena.”

Kumbuka maneno hayo. Binti alisema pale pa filimbi palikuwa wazi.

Nilifika Mbeya Jumatatu jioni. Jumanne, kabla ya kwenda kwa mama huyo, nikafungua daftari langu na kukuta ukurasa wa mwisho umejaa. Nikaingia duka moja karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mzee mcheshi, wazazi wake walikuja toka pwani.

“Daftari la kurasa themanini, senti thelathini,” akasema.

“Themanini za nini? Mimi nina namba moja tu ya kuandika.”

“Namba moja! Sasa fundi, nikuchanie kona ya ukurasa nikupimie kwa mizani kama sukari?”

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Nikamwambia sitalinunua, namba moja nitaiweka kichwani.

“Haya, bwana. Malaika mwenyewe anatumia daftari, wewe unatumia kichwa.”

“Kichwa changu hakina mchwa,” nikamjibu, nikatoka nikijiona mshindi.

Nyumba ya Mama Anyambilile ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na jiko nje, miteremkoni chini ya mlima. Nilifika uani ule muda niliokwisha kuutaja. Piano ilikuwa imeanza. Ilianza peke yake, hatua nne za taratibu, kama mtu anayetembea chumbani akimngoja mwenzake. Kisha filimbi ikaingia.

Wengine mkisikia filimbi mnafikiria kipenga cha refa. Hii ni ile filimbi ndefu ya chuma, inayoshikwa kwa ubavu na kupulizwa kama mtu anavyopuliza mdomo wa chupa. Iliingia kwa noti moja ndefu, ikakaa juu ya piano bila haraka, kisha ikaanza kushuka na kupanda. Wimbo wenyewe haukuwa mgumu. Katikati filimbi ilipumzika, piano ikasema maneno yake peke yake, halafu zikakutana tena, na mwishoni zikatua pamoja kwenye noti moja. Piano inapozima, filimbi inabaki kidogo. Yote hayakuzidi dakika nne na nusu.

Nilisimama pale kama mti. Nilijua papo hapo kuwa piano imeshuka sana, karibu nusu sauti. Lakini filimbi nayo ilikuwa chini kiasi kile kile. Zilikuwa zimepatana kama maji na maji. Nilifurahi jinsi zilivyopatana, halafu nikabisha hodi niingie kuzitenganisha.

“Karibu,” sauti ikajibu.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini na mitano, mrefu, ameketi mbele ya piano. Kando yake palikuwa na kiti kitupu na kisimamio cha kuwekea karatasi za muziki. Hapakuwa na mtu mwingine.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Au niseme kamwene, kama mnavyosalimiana kwenu? Wewe si ndiye yule mtu wa Iringa? Anyambilile kaniandikia. Keti unywe chai, halafu urudi ukamwambie kinanda cha mama yake hakiumwi.”

“Nitakunywa, mama. Lakini mpiga filimbi yuko wapi? Nataka nimpongeze.”

Aligeuka akanitazama. Mikono yake ilikuwa bado juu ya vibao vya piano, na vidole vikagusa noti mbili tatu bila kukusudia.

“Umesemaje, baba?”

“Mpiga filimbi.”

“Imba ulichosikia.”

Nilidhani ananitania, lakini macho yake hayakuwa ya utani. Nikaimba kwa mdomo ile noti ndefu ya kuingilia, na ule mteremko unaofuata.

“Na mwisho? Mwisho alifanyaje?”

“Aliishika noti ya mwisho mpaka wewe ulipoondoa mikono, mama. Na baada ya hapo kidogo.”

Mama yule akateremka kwenye kigoda akakaa sakafuni, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani. Nikaliweka sanduku chini, nikangoja.

Alipopata pumzi akanieleza. Mumewe, mwalimu wa shule, alikuwa katika bendi ya jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na filimbi na karatasi za kipande hicho, alizozinakili kwa mkono. Mama mwenyewe alikuwa yaya kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani, na mke wa mlowezi ndiye aliyemfundisha piano. Wajerumani walipoondolewa, piano ikauzwa mnadani kwa bei ya kuni. Basi wakaoana, wakawa na piano, filimbi, na kipande kimoja cha muziki. Hawakutafuta kingine. Kisha mwalimu akashikwa na kifua kikuu.

“Mwaka wa mwisho alikuwa akikipiga vizuri mpaka karibu na mwisho,” akasema. “Ile noti ya mwisho haikuwahi kufika. Alikohoa, akaikata, mimi nikaimaliza peke yangu. Aliona aibu, baba. Mtu anakufa, anaona aibu ya noti! Tulimzika na filimbi yake, alitaka hivyo. Siku ya arobaini nikakaa hapa nikapiga, akaingia. Na noti ya mwisho akaishika yote. Tangu siku ile hajaikata hata mara moja.”

“Na watu wengine?”

“Anyambilile alisimama hapo hapo uliposimama, hakusikia. Mchungaji alikuja akakaa, hakusikia, akaniombea. Kwa miaka saba najiambia mimi ni mwendawazimu mpole, sidhuru mtu. Leo umeingia wewe unaulizia mpiga filimbi yuko wapi. Ndaga, baba. Ndaga.” Hilo ni neno la shukrani la Kinyakyusa.

Kwa nini nilisikia mimi, na mtoto wake wa kumzaa asisikie? Sijui. Labda ni kwa kuwa kazi yangu ni kusikiliza. Usifikiri niliamini upesi. Kwa ruhusa yake nilikagua vyumba vyote viwili, jiko, dari na nyuma ya nyumba. Gramafoni haikuwapo. Jirani wa karibu alikuwa hatua mia moja na kumi, nilizihesabu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi moja lililofagiliwa vizuri.

Niliporudi ndani aliniambia jambo ambalo leo nikilikumbuka natamani kujipiga makofi.

“Zamani,” akasema, akionyesha sakafu chini ya kile kiti, “kila akimaliza ilikuwa kazi yangu kupangusa hapa. Filimbi inatoa matone, pumzi ya mtu inageuka maji humo ndani. Nilikuwa na kitambaa changu kabisa. Sasa anapiga, na hapa panabaki pakavu. Kitambaa nimekifanya cha kufutia masizi.”

Mimi, mtu wa vipimo, nikaitikia kwa kichwa tu. Sikujiuliza pumzi isiyoacha maji ni pumzi ya namna gani.

Baada ya chai, mama yule aliyekuwa amesema kinanda hakiumwi akabadilika mwenyewe. Alikuwa na furaha kama bibi harusi.

“Basi kilinganishe, baba. Kama yeye yupo kweli, mimi namwonea aibu. Mwenzangu anakuja kila siku, nami nampigia kinanda kilicholegea. Lakini niambie: ukikipandisha kinanda, yeye naye atapanda?”

Nakumbuka nilivyomjibu? Namkumbuka kila siku mtu yule aliyejibu, mimi mwenyewe, ameketi na kikombe cha chai, amejaa kitabu chake.

“Mama, usiwe na wasiwasi. Filimbi ikiwa baridi hulia chini. Ikipata pumzi ya moto hupanda yenyewe. Na zaidi ya hapo anaweza kuikaza kwenye maungio. Mpiga filimbi huifuata piano siku zote.”

Ilikuwa kweli tupu. Ilikuwa kweli ya watu walio hai.

Jumatano asubuhi nilianza. Nilitoa kibao changu, nikasogeza kijiti chini ya uzi mpaka ukalia sawa na piano, nikasoma rula. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta daftari, nikakumbuka halina nafasi. Nikaisema ile namba kwa sauti mara mbili, ili ikae. Kisha nikakaza kigingi cha kwanza.

Kinanda kilichoshuka kiasi kile hakipandishwi mara moja. Unakipandisha kwa jumla, kinalegea, unakirudia. Saa kumi ya Jumatano nusu ya nyuzi zilikuwa juu na nusu chini, haikuwezekana kupiga. Mama akaketi kwenye kigoda mikono mapajani dakika tano. “Leo tumepumzika,” akakiambia kile kiti. “Fundi yuko kazini.”

Alhamisi saa tisa nilimaliza. Nasema bila kujisifu kwamba haikuwa kazi mbaya. Kila uzi ulikuwa mahali pake, na noti ya la, ile ile ya kiuma, ilikubaliana nacho bila kutetemeka hata kidogo. Mama akaenda kuoga, akarudi amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Akakipangusa kile kiti. Kitambaa cha masizi kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa, kikawekwa sakafuni.

“Huenda leo akatoa matone,” akasema kwa aibu.

Alipiga zile hatua nne. Piano ilisikika ngeni hata kwangu, kali na safi kama hewa ya asubuhi. Filimbi ikaingia.

Iliingia pale pale ilipokuwa Jumanne. Chini.

Kama hujawahi kusikia sauti mbili zinazokosana kwa kiasi kidogo, ni vigumu kukueleza. Zinagongana, zinatetemeka, meno yanauma. Mama akaduwaa lakini mikono ikaendelea. Filimbi ikasita. Nikaisikia ikijaribu kupanda; nilisikia mpiga akiongeza pumzi, akikaza mdomo, akifanya yote mtu awezayo. Ilipanda kidogo, ikatetemeka, ikaanguka. Akaanza tena. Mara ya tatu nikasikia kitu kingine, naapa: kikohozi. Kikohozi kikavu cha mtu anayekigeuzia kando asionekane.

Hapo ndipo nilipoelewa. Pumzi yake haikuwa na moto. Filimbi yake isingepata joto kamwe. Kwa miaka saba hakuna aliyekigusa kinanda kile, kikawa kinashuka, mwaka kwa mwaka, uzi kwa uzi, kikimfuata yeye kadiri pumzi yake ilivyopoa, bila kumwacha hata siku moja. Mimi nikaja na ufunguo wangu wa vigingi, nikakirudisha kwa walio hai.

“Hawezi,” mama akasema. Bado alikuwa anapiga. “Baba, hawezi kupanda. Kishushe. Kishushe haraka!”

Alifika mwisho. Akaishika noti ya mwisho kwa muda mrefu, akingoja. Ilikuwa yake peke yake. Sakafu chini ya kiti ilikuwa kavu, na kitambaa kimekunjwa vile vile.

Nilianza kulegeza vigingi dakika ile ile. Lakini kulegeza mpaka wapi? Nilikisogeza kijiti kwenye kibao changu na kuitafuta ile namba kichwani. Ilikuwa thelathini na nane na nusu. Au na robo? Nilipoisema mara mbili, nilisema nusu mara zote mbili? Kadiri nilivyotafuta ndivyo namba zote zilivyosikika sahihi. Kati ya nusu na robo, kwa sikio la kawaida, hakuna tofauti. Kwa filimbi isiyoweza kusogea ilikuwa tofauti kati ya mlango na ukuta.

Ijumaa saa kumi nilikuwa nimekishusha kwenye nusu. Mama akapiga. Filimbi ikaingia kwa noti moja, nayo haikupatana, ikakatika papo hapo, kama mtu aliyefungua mlango akaona nyumba si yake. Jumamosi nikaweka robo. Nyuzi zilizokuwa zimekazwa na kulegezwa hazitulii mahali pamoja, zinahama zenyewe. Na mbili za chini zikakatika. Mama akapiga zile hatua nne. Hakuingia mtu. Akazirudia. Hakuingia mtu.

Aliendelea mpaka mwisho, na pale pa filimbi nikasikia kile alichokisikia binti yake siku zote: uwazi.

Nilipiga magoti. Mtu mzima, mbele ya mwanamke ambaye si mama yangu. Nikamwambia habari ya namba na daftari. Alinisikiliza, kisha akafunika piano taratibu.

“Inuka, baba. Wewe ulimsikia. Hilo hawakunipa wengine.” Akakiokota kile kitambaa sakafuni. “Miaka saba iliyopita nilizika mwili tu. Matanga naanza kukaa leo.”

Usiku ule wanawake wa jirani walimkuta amekaa chini kwenye mkeka, wakamwuliza nani amefariki. Akawaambia ni mumewe. Walinitazama mimi, nikainamisha kichwa.

Jumapili nilipanda basi kurudi Iringa. Nilimrudishia Anyambilile malipo yake yote na kumweleza ukweli wote. Alilia, akaniuliza swali moja: “Kwa hiyo baba alikuwa akijibu?” Nikamwambia ndiyo, kila siku, na noti ya mwisho alikuwa akiishika yote. Akaniomba nimwimbie. Nikamwimbia pale karakanani, katikati ya maranda.

Mama Anyambilile alifariki kipupwe kilichofuata. Binti aliniandikia kwamba kiti kilikuwa kando ya piano mpaka siku ya mwisho. Piano mama aliagiza niletewe mimi. Watu wakashangaa, mimi sikushangaa; niliona ananipa nafasi nyingine. Iko karakanani hadi leo, nami sasa nimepita umri wa miaka hamsini. Kila Juni nailegeza unywele mmoja nikiitafuta sauti yake ya zamani, naandika namba mpya, nangoja. Zile hatua nne za mwanzo nilijifunza kwa vidole viwili. Nazipiga saa kumi na dakika kumi na mbili. Sijasikia kitu. Pengine wameshakutana na hawahitaji tena kinanda. Hilo ndilo ombi langu. Lakini alasiri sifanyi tena kazi ya kulinganisha kwa mtu yeyote. Ikifika saa hiyo masikio yangu yanaacha mambo mengine yote, yanaanza kungojea.

Wewe unayesoma, sikuombi uniamini kuhusu wafu. Nakuomba jambo dogo zaidi. Ukiitwa kwenye nyumba ya mtu kutengeneza kitu cha zamani, mlango unaogoma, saa inayochelewa, kinanda kilicholegea, usianze kwa kukaza. Uliza kwanza ni nani amekizoea hivyo kilivyo. Na kabla hujagusa, andika ulivyokikuta. Usijiambie utakumbuka.

Siku hizi nina madaftari sita, na jipya moja liko sandukuni daima. Lile la Mbeya sikulinunua. Niliokoa senti thelathini.